Namna ya Kuandaa Maonyesho ya Picha Zilizopigwa kwa Kamera Rahisi za Filamu

Kamera ya plastiki inayotumia filamu, kama vile Holga au Diana, hutoa picha isiyofanana na ya simu wala ya kamera ya kisasa. Katikati ya picha huwa na ukali wa wastani, kuelekea pembeni mistari hulegea, na pembe zote nne huzama gizani kwa sababu lenzi haifikishi mwanga sawasawa hadi ukingoni mwa filamu. Wakati mwingine mwanga hupenya kwenye maungio ya kifuniko cha nyuma na kuacha mchirizi juu ya picha, na wakati mwingine fremu mbili, yaani picha mbili za filamu hiyohiyo, hupandana kwa kuwa mpigaji ndiye anayezungusha filamu kwa mkono huku akiangalia namba kwenye kidirisha kidogo.

Mwongozo huu unamlenga mtu ambaye tayari ana filamu kadhaa za namna hiyo na sasa anataka kuzitoa kabatini na kuziweka ukutani mbele ya watu. Msimamo wangu, unaoongoza kila hatua nitakayoieleza, ni kwamba kasoro zilizomo katika picha hizi ni za aina mbili: zilizoletwa na kamera, na zilizoletwa na mikono yetu. Za kamera ziachwe kama zilivyo, kwani ndizo zilizotufanya tuichague kamera hiyo. Za mikono yetu, yaani vumbi, mikwaruzo, alama za vidole, madoa ya maji, fremu ya ukutani iliyokaa upande na lebo iliyoandikwa ovyo, ziondolewe zote bila kubaki hata moja. Mtazamaji anayeona mchirizi wa mwanga ndani ya picha na papo hapo akaona unywele umenasa chini ya kioo hana njia ya kujua kipi kilikusudiwa, na atahukumu kwamba kazi yote imefanywa kwa uzembe. Ndiyo maana picha ya kamera ya bei ndogo inahitaji uangalifu mkubwa zaidi wakati wa kuionyesha kuliko picha ya kamera ya bei kubwa.

Historia inayofaa kuijua kabla ya kubisha hodi ukumbini

Mwenye ukumbi anaweza kusita akisikia kwamba picha zimepigwa kwa kamera ya plastiki, hivyo ni vyema mwombaji aweze kumweleza kwa ufupi kwamba jambo hili lina mizizi. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza Brownie, sanduku la kadibodi lenye lenzi sahili, kwa dola 1, na kwa bei hiyo upigaji picha ukaingia katika nyumba za watu wa kawaida. Diana ilitengenezwa Hong Kong katika miaka ya 1960 na kiwanda cha Great Wall Plastic Factory, ikauzwa kwa bei ya kitu cha kuchezea watoto. Holga, iliyobuniwa na T. M. Lee, ilitoka hukohuko Hong Kong mwaka 1982 ikikusudiwa familia za China bara, ambako filamu ya 120, ambayo ni pana kuliko ile ya kawaida ya milimita 35, ilikuwa bado inatumika sana.

Kamera hizi hazikuchelewa kufika ukutani. Nancy Rexroth wa Marekani alitumia Diana katika miaka ya 1970 kupiga picha za nyumba, bustani na watu wa miji midogo ya Ohio, na mwaka 1977 akazitoa katika kitabu ambacho hadi leo wapiga picha wanakirejea. Mpiga picha wa habari David Burnett alibeba Holga katika kampeni ya urais wa Marekani ya mwaka 2000, na picha yake ya mgombea Al Gore akihutubia ikapata tuzo katika mashindano ya Chama cha Wapiga Picha wa Habari wa Ikulu ya Marekani mwaka 2001, ikishindana na picha za kamera zenye thamani mara mia ya ile yake. Kikundi cha Vienna kilichoanzisha harakati za Lomografia, yaani upigaji picha wa papo kwa hapo kwa kamera rahisi, mwaka 1992, kikitumia kamera ndogo ya LC-A iliyotoka Leningrad, kiliandaa maonyesho Moscow na New York mwaka 1994, na kuanzia hapo mtindo wa kufunika ukuta mzima kwa mamia ya picha ndogondogo zinazogusana ukaenea duniani. Nao ukumbi wa Soho Photo Gallery wa New York umekuwa ukiandaa kwa miaka mingi shindano maalumu la picha zilizopigwa kwa kamera zenye lenzi duni. Maelezo kama haya, yakiambatana na nakala nne au tano zilizochapwa vizuri, hufungua milango zaidi kuliko barua ndefu.

Kuchagua picha

Anza na karatasi za picha ndogondogo, yaani filamu nzima ikiwa imechapwa katika ukubwa wake halisi kwenye karatasi moja. Filamu ya 120 ndani ya Holga hutoa fremu 12 za mraba, au 16 ikiwa umeweka kizuizi cha fremu ndogo, kwa hiyo karatasi moja huonekana yote kwa mtazamo mmoja. Weka alama ya penseli kwenye kila fremu inayokuvuta, kisha uziache kwa siku kadhaa kabla ya kuzirudia. Picha iliyokuvuta kwa sababu tu ya mchirizi wa mwanga mwekundu hupoteza nguvu ukiitazama mara ya tatu, ilhali picha yenye jambo ndani yake huendelea kukuita.

Hapa ndipo maonyesho mengi ya aina hii yanapoharibika. Mwandaaji huona kwamba kamera yenyewe inatosha kuwa mada, akatundika picha moja ya ngazi, moja ya paka, moja ya rafiki na moja ya bahari, zikiwa zimeunganishwa na pembe za giza tu. Mtazamaji huelewa mtindo huo ndani ya dakika mbili, na baada ya hapo hana la kufuata. Chagua mahali, watu au shughuli moja: mafundi wanaojenga majahazi, abiria wa kivuko cha Likoni au cha Kigamboni, uwanja mmoja wa mpira wa mtaani tangu asubuhi hadi magharibi. Kamera rahisi humfaa mno mpigaji wa mada kama hizo kwa sababu watu hawaiogopi, na kwa sababu haina mengi ya kurekebisha. Shata ya Holga hufunguka kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde na tundu la lenzi ni dogo, hivyo kazi nyingi za kamera hiyo hufanyika juani kwa filamu ya ISO (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga) 100 hadi 400. Mwanga wa namna moja katika picha zote ni msaada mkubwa kwa anayetaka zishikamane.

Chapa picha ulizozichagua katika ukubwa wa kadi ya posta, uzitandaze sakafuni, kisha uzipange na kuzipangua. Mwite mtu ambaye hakuwapo wakati wa kupiga, kwa kuwa yeye hana kumbukumbu ya jua wala ya mazungumzo yaliyokuwapo, na ataona kile tu kilichomo ndani ya picha. Picha 12 hadi 20 zinatosha kwa chumba cha kawaida. Ukiwa na picha mbili zenye kasoro ya kamera inayofanana, kama vile fremu zilizopandana, ziweke mbalimbali au uondoe moja, kwa maana kitu kinachostaajabisha mara ya kwanza huwa mazoea kikirudiwa mara ya nne.

Suala la idhini ya waliopigwa picha lisiachwe hadi siku ya ufunguzi. Mtu aliyekubali kupigwa picha sokoni hajakubali kwa hilo kutundikwa ukutani kwa mwezi mzima, na katika miji yetu ya pwani wapo akina mama na wazee ambao wangeumia kuona sura zao mbele ya hadhara. Rudi kwao ukiwa na nakala ndogo ya zawadi, uwaeleze maonyesho yatakuwa wapi, na uwaulize. Anayekataa aheshimiwe, hata kama picha yake ndiyo bora kuliko zote.

Kusafisha filamu, kuskani na kuchapa

Ikiwa unasafisha filamu za rangi nyeusi na nyeupe mwenyewe, zingatia maji. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi huacha madoa meupe juu ya negativu, na madoa hayo yakishakauka ni kazi ngumu kuyaondoa. Mwogo wa mwisho uwe wa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea kwenye betri za magari, baada ya kuhakikisha kwa kusoma chupa kwamba si asidi. Tia matone machache ya kilainishi cha kukaushia filamu, uitundike bafuni baada ya kuufungulia mvuke wa maji ya moto ili vumbi litue, na ufunge mlango hadi ikauke. Filamu ya 120 hupenda kujikunja, kwa hiyo ikate vipande, uiweke ndani ya mifuko yake ya karatasi na kuilaza chini ya vitabu vizito kwa siku kadhaa kabla ya kuiskani, maana filamu iliyojikunja haitulii ndani ya skana, na picha hutoka kali upande mmoja na hafifu upande mwingine, jambo ambalo mtazamaji ataisingizia lenzi.

Hesabu ya kuskani si ngumu. Fremu ya mraba ya filamu ya 120 ina upana wa takriban milimita 56. Ukiiskani kwa nukta 2400 kwa inchi utapata karibu pikseli 5,290 kila upande, na ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi picha itakuwa na upana wa karibu sentimita 45 bila kunyoosha chochote. Fremu ya filamu ya milimita 35 ikiskaniwa kwa kiwango hichohicho huishia kwenye sentimita 19 kwa 29. Kwa picha za lenzi ya plastiki hakuna faida ya kuskani kwa kiwango cha juu sana, kwani baada ya hapo unachokuza ni chembe za filamu tu, si undani ambao lenzi haikuunasa.

Skani fremu nzima pamoja na ukingo wake. Ukingo wa Holga haunyooki kama wa kamera ya kisasa, na kwa maoni yangu kuukata ili upate mraba ulionyooka ni kuondoa ushahidi wa jinsi picha ilivyozaliwa. Ondoa vumbi na mikwaruzo moja baada ya nyingine, ukiwa umeikuza picha kwenye skrini hadi uone kila chembe. Kazi hii huchukua muda mrefu na haina njia ya mkato inayoridhisha. Usiguse pembe za giza, usinyooshe mistari, na hasa usitumie programu kuongeza ukali. Ukali wa programu juu ya lenzi ya plastiki huchora mstari mweupe pembeni mwa vitu na kuzifanya chembe za filamu zionekane kama mchanga, huku uso wa mtu ukibaki uleule usio na undani. Kwa filamu za rangi, amua mapema mwelekeo wa rangi wa mfululizo mzima, kwa sababu filamu iliyokwisha muda wake huweza kuegemea zambarau katika fremu moja na kijani katika fremu inayofuata, na ukutani tofauti hiyo husumbua kuliko inavyosumbua kwenye skrini.

Mwenye bahati ya kufikia chumba cha giza, yaani chumba cha kuchapia picha kwa mkono na dawa, atapata matokeo ambayo mashine haijayafikia. Shata ya Holga ni moja na haibadiliki, hivyo negativu nyingi huwa nyepesi, na negativu nyepesi huhitaji karatasi au kichujio chenye daraja la juu la ukinzani wa nyeusi na nyeupe, kwa kawaida la 3 au la 4, ili nyeusi iwe nyeusi kweli. Fanya kipande cha majaribio kwa kila picha. Kuna kishawishi cha kuzizuia pembe zisipate mwanga ili undani uonekane. Jizuie, kwa kuwa pembe zikigeuka kijivu picha hupoteza uzito uliokuwa ukiyaelekeza macho katikati. Karatasi iliyofunikwa plastiki huoshwa kwa dakika chache na hukauka ikiwa imenyooka, kwa hiyo inamfaa anayeanza na anayeishi penye mgawo wa maji. Karatasi ya nyuzi ina weusi mzito na hudumu sana, lakini huhitaji kuoshwa kwa muda mrefu, hata saa nzima pasipo dawa ya kuondoa fiksa (kemikali inayoimarisha picha isiendelee kuathiriwa na mwanga), na hukauka ikiwa imejikunja, hivyo itabidi uinyooshe chini ya uzito.

Ukubwa

Watu wengi hudhani kwamba maonyesho ni picha kubwa. Kwa kamera hizi nashauri kinyume chake kwa sehemu kubwa ya kazi. Nakala za Rexroth zilikuwa ndogo kiasi kwamba mtazamaji hulazimika kusogea karibu, na akisogea, ulaini wa lenzi humfikia kama hewa ya mahali hapo na si kama kasoro. Sentimita 20 kwa 20 hadi 30 kwa 30 ni ukubwa unaozisitiri na kuzikuza kwa pamoja. Picha moja au mbili zenye umbo sahili, kwa mfano tanga moja juu ya maji au mtu mmoja mbele ya ukuta mweupe, zinaweza kuchapwa sentimita 60 na zaidi ili kuupa ukuta mahali pa kupumzikia. Kabla ya kulipia nakala kubwa, chapa kipande chake kimoja tu, cha ukubwa wa karatasi ya A4, kwa kiwango halisi cha ukuzaji, ukibandike ukutani na urudi nyuma hatua tatu.

Fremu na unyevu wa pwani

Kuvu huota kwa urahisi juu ya karatasi pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 65 hadi 70 kwa muda mrefu, na Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar hukaa juu ya kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa sababu hiyo, ufungaji wa fremu huku kwetu ni jambo la uhai wa picha zaidi ya urembo. Sharti la kwanza ni kwamba picha isiguse kioo kamwe, kwa kuwa unyevu ukiingia katikati yake uso wa picha hunata kwenye kioo na hautoki tena bila kubanduka. Weka kadibodi yenye dirisha baina yao, au vijiti vyembamba vya milimita 3 hadi 5 vilivyofichwa ndani ya mzingo wa fremu. Sharti la pili ni kwamba kadibodi hiyo na karatasi ya nyuma viwe visivyo na asidi. Hadibodi ya kahawia, yaani ubao mwembamba mgumu, ambayo mafundi wengi huitumia nyuma inaweza kubaki, mradi karatasi safi isiyo na asidi iitenganishe na picha. Shikiza picha kwa vipande vya karatasi upande wa juu tu, au kwa vifuko vya karatasi kwenye pembe zake, ili iweze kutanuka na kusinyaa. Selotepu na gundi ya maji zisikaribie picha.

Funga fremu siku ya jua kali au ndani ya chumba chenye kiyoyozi, si siku ya masika, maana hewa utakayoifungia ndani ndiyo itakayokaa na picha. Ziba mgongo wa fremu kwa utepe wa karatasi ili wadudu wasipenye, kisha gundisha vipande vidogo vya mpira kwenye pembe mbili za chini, ili hewa ipite baina ya fremu na ukuta. Kuhusu mtindo, mwambie fundi akutengenezee ubao mwembamba wa rangi nyeusi au wa mninga usiopakwa rangi. Fremu nene zenye nakshi za dhahabu, ambazo mafundi hupenda kuzipendekeza kwa picha za harusi, hushindana na picha laini na kuishinda. Kadibodi ya ndani iwe nyeupe iliyotulia, na upande wake wa chini uwe mpana kidogo kuliko pande nyingine tatu.

Ukumbi na vibali

Tembelea ukumbi saa zilezile ambazo watu watakuja. Angalia jua linaingilia dirisha gani saa kumi jioni, kwa kuwa jua la moja kwa moja huchakaza picha za rangi na kugeuza kioo kuwa kioo cha kujitazamia. Angalia pia umeme ukikatika chumba kinabaki na mwanga kiasi gani. Nafasi Art Space ya Dar es Salaam na vituo vya Alliance Française vya Dar es Salaam na Nairobi ni miongoni mwa kumbi zilizozoea kupokea kazi za picha, lakini maktaba, mkahawa au ukumbi wa shule unaweza kufaa kabisa ikiwa kuta zake ni tupu na mwenyeji wake anaelewa kwamba picha hazitahamishwa ili kupisha televisheni. Nchini Tanzania shughuli za sanaa husimamiwa na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na Zanzibar na BASSFU (Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni), kwa hiyo ulizia vibali mapema, wiki nyingi kabla ya ufunguzi. Mwombe mwenye ukumbi makubaliano ya maandishi yanayotaja tarehe za kutundika na kushusha, nani atafidia picha ikivunjika, na asilimia atakayochukua katika mauzo.

Kutundika

Pima ukuta na uchore mpangilio kwenye karatasi kabla ya kubeba nyundo. Ukuta wa mita 6, kwa mfano, hubeba fremu 7 zenye upana wa sentimita 50 zikiachiana sentimita 30, na kila mwisho hubaki sentimita 35. Katikati ya kila picha pawe kwenye kimo cha takriban sentimita 150 kutoka sakafuni, ambacho ni kimo cha macho ya watu wengi. Ili kupata mahali pa msumari, chukua 150, ongeza nusu ya urefu wa fremu, kisha toa umbali kati ya ukingo wa juu wa fremu na waya wake ukiwa umevutwa. Fremu yenye urefu wa sentimita 60 ambayo waya wake hushuka sentimita 8 itahitaji msumari kwenye sentimita 172. Tumia pima maji kwa kila fremu, na kulabu mbili badala ya moja, kwa sababu fremu iliyoshikwa mahali pawili haipindi mlango unapobamizwa.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa hazifai kupigiliwa. Lipu yake humeguka, na nyumba zenyewe ni urithi unaolindwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Katika majengo hayo tundika kwa kamba kutoka kwenye boriti au kwenye reli iliyopo juu, au utengeneze mbao za kusimama zenyewe.

Nafasi sawa baina ya fremu si lazima. Ukitaka kuona jinsi msongamano unavyoweza kufanya kazi, ingia Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, Zanzibar, studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930: picha za zamani za nyeusi na nyeupe zimejaza kuta, na jicho hutembea kutoka sura moja hadi nyingine bila kuchoka. Mtindo huo unafaa kwa picha ndogo zenye mada moja. Picha zilizo kimya, zenye nafasi nyingi tupu ndani yake, hutaka ukuta mtupu pia. Unaweza kuweka mitindo yote miwili katika chumba kimoja, mmoja kwa kila ukuta, lakini usiichanganye katika ukuta mmoja.

Lebo, maelezo na bei

Lebo itaje jina la picha, mahali, mwaka, namna ilivyochapwa na namba ya nakala. Aina ya kamera na ya filamu ielezwe mara moja tu katika maelezo ya jumla, kwa sababu ikirudiwa chini ya kila picha humfanya mtazamaji asome vifaa badala ya kutazama. Maelezo ya jumla yasizidi maneno 200, yaandikwe kwa Kiswahili kwanza kisha kwa lugha nyingine ikihitajika, na yaeleze mada yako na sababu ya kuipigia kwa kamera hiyo. Ninapenda sana kuona kamera yenyewe imewekwa mezani, bila filamu, ili watoto na wazee waishike na kubonyeza shata; ila meza hiyo iwe mwisho wa njia ya watazamaji, karibu na mlango wa kutokea, ili picha zitazamwe kwanza kama picha.

Ukiuza, amua idadi ya nakala kabla ya kuuza ya kwanza, iandike kwa penseli pamoja na sahihi yako, mfano 3/10, yaani nakala ya 3 kati ya 10, na usiizidishe hata kama faili bado liko kwenye kompyuta yako. Bei ifidie filamu, dawa, karatasi, fremu, usafiri na sehemu ya ukumbi, kisha ongeza thamani ya kazi yako. Kamera kuwa ya bei ndogo si sababu ya kuuza picha kwa hasara.

Anayetaka kuonekana mbali anaweza kujaribu mashindano ya nje kama lile la Soho Photo Gallery, akisoma kwa makini masharti ya aina ya kamera, ada, na gharama za kutuma na kurudisha nakala. Njia isiyo na ada ni Siku ya Dunia ya Picha za Kamera ya Tundu la Sindano (kamera isiyo na lenzi, yenye tundu dogo tu), inayoadhimishwa Jumapili ya mwisho ya Aprili tangu mwaka 2001, ambapo kila mshiriki huweka picha moja katika mkusanyiko wa mtandaoni.

Baada ya kushusha

Kagua kila fremu pamoja na mwenye ukumbi na muandike hali yake kabla ya kuifunga. Fremu zisafirishwe zikiwa zimesimama, kioo kikitazama kioo na kadibodi baina yake. Nyumbani, toa picha zilizokaa mahali penye unyevu, uziache zipumue kwa siku mbili katika chumba kikavu kabla ya kuzihifadhi. Negativu zirudi katika mifuko yake ya karatasi, ndani ya boksi linalofungwa vizuri lenye vifuko vya silika jeli, na vifuko hivyo vikaushwe upya kila baada ya miezi michache. Ndani ya boksi hilo weka daftari linaloonyesha namba ya filamu na fremu ya kila picha iliyotundikwa, karatasi uliyotumia, muda wa kuichapa na nani aliinunua, ili ukiombwa nakala ya 4 miaka mitano baadaye uweze kuitoa ikiwa sawa na ya 3.